Mashangazi Tumemkosea Nini?

Kuna bwana mmoja Mmarekani anaitwa Zach Cregger. Sijawahi kumkosea. Sijamkopa, sijamsengenya, harusini kwake sikualikwa na wala sikununa. Lakini Agosti 2025 bwana huyu alitoa filamu ya kutisha inayoitwa Weapons, na tangu watoto wa kaka yangu waitazame, mimi katika nyumba ile ya Tabata nimekuwa mtu wa kuangaliwa kwa pembe ya jicho. Nikiingia sebuleni mazungumzo yanakatika. Nikiomba maji ya kunywa wanakuja wawili: mmoja kashika glasi, mwingine kamshika mwenzake.

Nawaeleza ambao hamjaiona, na natoa taarifa mapema kwamba nitamwaga kila kitu mpaka mwisho. Anayetaka kushtuka kwa nafasi yake aweke gazeti chini, akatumie saa zake mbili na dakika nane, kisha arudi tulaumiane.

Mji ni mdogo, unaitwa Maybrook, jimbo la Pennsylvania. Usiku mmoja, saa nane na dakika kumi na saba, watoto 17 wa darasa moja wanaamka vitandani, wanafungua milango ya mbele na kutoka mbio gizani, mikono wameitanua pembeni, bila kelele, bila kugeuka nyuma. Kamera za milangoni zinawaonyesha wakikatiza majani ya uani mpaka giza linawameza. Asubuhi mwalimu wao, Justine Gandy, anaingia darasani anakuta viti vitupu na mtoto mmoja tu, Alex Lilly.

Mimi hapo nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi, goti limefungwa bandeji. Goti ndilo lililonitoa Muheza. Nimeandikiwa kliniki Dar, na kwa kaka ni kwetu, siombi ruhusa. Mtoto mkubwa, yule aliye chuo, kaunganisha kompyuta yake na runinga, taa wamezima, bakuli la bisi linazunguka. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Misukule hiyo.”

“Shangazi, ngoja kwanza,” wakanijibu.

Nikangoja. Nikangoja huku Wamarekani wazima, wenye magari na elimu, wakihangaika zaidi ya saa nzima kutafuta jambo ambalo pale Muheza angelisema muuza machungwa bila kuacha kumenya. Watoto wametoka wenyewe usiku, hakuna damu, hakuna mwili, hakuna kaburi. Unaita FBI ya nini? Sisi tunajua mtu wa namna hiyo hajafa, kachukuliwa. Akili iko kwa aliyemchukua, mwili unasubiri kutumwa. Filamu nzima imejengwa juu ya fumbo hilo, na kwangu mimi fumbo lilidumu mpaka chai ilipopoa. Watengenezaji wetu wa Bongo, akina Mussa Banzi na filamu zake za Nsyuka na Shumileta, hawakuwahi kumdharau mtazamaji kiasi hicho. Walijua tunajua. Kazi yao ilikuwa kutuonyesha shetani lenyewe, siyo kutuuliza kama lipo.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Filamu ikiwa imekwenda mbali, mwalimu mkuu, bwana mmoja mpole anayeitwa Marcus, anawaita ofisini wazazi wa yule mtoto aliyebaki. Wazazi hawaji. Anakuja mama mmoja. Wigi jekundu fupi. Miwani mikubwa. Poda imepakwa kwa nia njema, na rangi ya mdomo imevuka mpaka wa mdomo kwenda inakokujua yenyewe. Anatabasamu. Anasema wazazi wanaumwa, yeye ndiye anayeangalia nyumba, na jina lake ni Aunt Gladys.

Kochi zima likageuka kuniangalia.

Nakiri nilikuwa nimevaa wigi. Upara wa utosini ni wa ukoo, muulizeni kaka. Miwani nilikuwa nayo. Nilikuwa pia mgonjwa, nimefikia kwa watu, na asubuhi yake nilikuwa nimekwenda shuleni kwa kitinda mimba kwa niaba ya wazazi wake, kwa sababu wazazi wake wako kazini na kikao cha ada hakimsubiri mtu. Kila kilichokuwa kwenye skrini nilikuwa nacho, isipokuwa ule mti.

Mti ni huu. Gladys ana mti mdogo wa miiba kwenye chungu. Anavunja kijiti, anakitia damu yake, anakizungushia kitu cha mtu wa kutumwa na nywele za mtu wa kulengwa, kuna kengele, kuna bakuli la maji. Kijiti kikivunjwa katikati, mwenye kitu kile anageuka silaha. Anakimbia moja kwa moja kwa aliyelengwa, hachoki, haongei, anapiga mpaka aue. Ndiyo maana ya jina la filamu. Amy Madigan ndiye anayemcheza mama huyu, na sitasema uongo kwa sababu ya hasira: anaigiza mpaka unataka kuondoka. Hapigi kelele. Anaongea kwa upole uleule wa mgeni anayekwambia chakula chako kitamu huku anapima kuta zako.

Nikafanya kosa la kuleta hoja ya kisheria. Nikawaambia wanangu, shangazi ni dada wa baba. Dada wa baba! Huyu Gladys kaja kwa ukoo wa mama yake Alex, na mama ndiye aliyemwonea huruma akamkaribisha. Basi kwa taratibu zetu huyo si shangazi hata kwa dawa; ni mama mkubwa au ni bibi, na malalamiko yote yapelekwe upande huo. Wifi yangu, ambaye ndiye upande huo, akaniambia nile bisi.

Kesho yake jioni nikamwita kitinda mimba. Daktari kaniagiza niloweke mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kila siku kabla ya kulala. Nikamwambia, “Mwanangu, niletee beseni la maji na chumvi kidogo.”

Akasimama mlangoni. “Vya nini, shangazi?”

“Vya miguu.”

“Miguu ya nani?”

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemfunza kunawa, ananiuliza miguu ya nani. Na ile chumvi ndiyo imeharibu zaidi, maana Gladys naye ana chumvi: anaimwaga mstari mlangoni, na anayeuvuka anarukiwa na misukule wanaolinda humo ndani. Hapa nina ugomvi wa kitaalamu. Chumvi ya mawe pwani nzima ni ya kumzuia mchawi asiingie. Bwana Cregger kaichukua kinga yetu akampa adui. Ni sawa na kutengeneza filamu ambayo jambazi ndiye mwenye king'ora.

Lakini kuna jambo moja nimelipwa. Kuna usiku mwalimu Justine ameegesha gari mbele ya nyumba ya Alex, anaichunguza. Madirisha yote yamebandikwa magazeti kwa ndani. Anachoka, analala kwenye kiti. Kamera haitikisiki. Nyuma yake, mbali, mlango wa nyumba ile unafunguka, na ndani ni weusi mtupu. Anatoka mwanamke. Anatembea vibaya, miguu haielewani, mkononi kashika mkasi. Anakuja mpaka kwenye gari, anafungua mlango, na wewe unayeangalia umeshashika mkono wa aliye karibu nawe. Haui. Anakata nywele kidogo, anarudi zake ndani.

Binti wa kati akapiga yowe. Mimi nikapiga makofi.

Kwa sababu binti huyu, miaka yote, nikimsuka nikaokota nywele zilizodondoka na kwenda kuzichoma, ananicheka. Eti shangazi una mambo ya kizamani. Eti nywele ni nywele tu, zikatupwe na takataka. Nimemwambia kwa mdomo, bure, bila kiingilio, kwamba nywele zako usimwachie mtu. Hakusikia. Amekuja kusikia kwa filamu iliyotajwa kugharimu dola milioni 38, ikaingiza zaidi ya milioni 250 duniani. Nashauri mashangazi wote wenye ujuzi wa kuficha nywele, kucha na nguo za ndani zilizoanikwa tuanze kuuza ujuzi huo kwa tiketi.

Kwa hiyo mniulize, inatisha? Tukio lile la mkasi linatisha, tena kwa njia ya heshima, bila muziki wa kukurukia sikioni. Wanaotengeneza filamu hizi wengi wana tabia mbaya: kimya, kimya, halafu paka anaruka na ngoma inapigwa. Huo si woga, ni kushtuliwa, na mtu mwenye presha hapaswi kulipishwa kwa hilo. Cregger anafanya hivyo mara chache; katika ndoto hasa, Gladys anatokea darini au kitandani akiwa na ile rangi ya mdomo. Kwa sehemu kubwa anaacha mlango wazi tu na kukungojesha.

Shida yangu ni mwendo. Filamu imekatwa kwa majina ya watu: Justine, kisha Archer, baba wa mmoja wa watoto waliopotea, kisha Paul, polisi mlevi, kisha James, kisha Marcus mwalimu mkuu, mwisho Alex. Kila mmoja anapewa kipande chake, na kila tunapofika penye utamu inakatisha ruti kama daladala ya jioni: konda anagonga bodi, mwisho wa gari, shukeni, pandeni nyingine mwanzo kabisa wa safari. Mtu anakimbia kuelekea kituo cha mafuta uso umejaa damu, na mimi naambiwa turudi nyuma tukamwone polisi akigombana na mkewe. Nilifoka. Watoto wakaniambia ndiyo usanii wenyewe. Sikatai, baadaye vipande vinaungana na unaona kwa nini. Ila mgonjwa wa goti anayehitaji kwenda msalani anataka kujua ainuke wapi.

Na upelelezi, jamani. Mwezi umepita, watoto 17 hawaonekani, FBI wamekuja, kamera za majirani zinaonyesha kila mtoto alikimbilia upande gani. Hakuna aliyefikiria kuchukua ramani na rula. Anakuja baba mtu, Archer, anayechezwa na Josh Brolin, fundi wa kujenga nyumba, anachora mstari kutoka nyumba hii, anachora mwingine kutoka ile, anatazama inapokutana. Basi! Hesabu ya darasa la sita. Nilikuwa nimeshasimama, kwa goti hilohilo, namwelekeza kwa kidole.

Anayewaona watoto kabla ya wote ni nani? Teja. Huyu James anaishi kwenye hema, anavunja nyumba za watu atafute cha kuuza apate dozi. Anaingia kwa Alex kuiba, anashuka chumba cha chini, anawakuta wamesimama gizani, wametulia. Dola nzima imeshindwa, kibaka kafaulu. Hilo liliniingia akilini bila shida yoyote. Mtaani kwetu pia ukitaka kujua kilicho ndani ya kila nyumba, usiulize serikali ya mtaa.

Kuna na lile libunduki. Archer anaota, katika ndoto bunduki kubwa inaelea juu ya nyumba, ina saa inayosoma zile saa nane na dakika kumi na saba. Kwa nini? Hatuambiwi. Yule wa chuo akanipa maelezo ya bunduki mashuleni Marekani, na kwa kweli darasa linalobaki tupu ghafla kule kwao lina maana ambayo hapa hatuna, Mungu atuepushe. Nilimwelewa. Lakini kama ni hivyo, filamu iseme tujue, au inyamaze. Kuning'iniza bunduki angani kisha kurudi kwenye uchawi ni kututupia mfupa na kuondoka.

Halafu uchumi wa mchawi huyu haukai sawa. Misukule 17, ongeza baba na mama wa Alex. Kwetu msukule analima. Usiku kucha yuko shambani kwa mtu, alfajiri anarudishwa darini, ndiyo maana jirani mmoja hana ng'ombe wala trekta na mahindi yake yamejaa ghala. Gladys kawachukua watoto wa watu, kawasimamisha kwenye giza, hawalimi, hawafui, hata vyombo hawaoshi. Inaonekana anachota uhai wao ajiponye. Haya. Lakini kula wanakula!

Na nani anawalisha? Hapo ndipo filamu iliponinyamazisha, na mimi kunyamazishwa si jambo la kila siku.

Kipande cha mwisho ni cha Alex, mtoto mdogo, anachezwa na Cary Christopher. Mgeni amefika. Kwanza analala chumbani, yu taabani, hana nywele. Siku ya tatu hakupewa jembe. Taratibu baba na mama wanakaa mezani macho yamewatoka, hawasemi, hawali. Gladys anamwonyesha mtoto nguvu zake kwa kuwafanya wazazi wajichome uma usoni, kisha anamwambia akisema kwa mtu yatakuwa makubwa zaidi. Kuanzia hapo Alex anakwenda shule, anarudi, anafungua makopo ya supu, anawalisha wazazi kwa kijiko. Mdomo wa baba anaufungua yeye. Supu inadondoka kidevuni, anaifuta. Kisha akaamriwa alete kitu cha kila mwenzake darasani, naye akabandua vibao vyenye majina yao, na baada ya usiku ule supu ikawa ya watu kumi na tisa. Unaona mtoto dukani, peke yake, anabeba makopo zaidi ya umri wake. Anabeba nyumbani. Hakuna anayemuuliza.

Wifi alizima simu yake hapo. Mimi na yeye tuna umri wa kukumbuka nyumba ambazo mtoto wa darasa la nne ndiye aliyekuwa akichemsha uji, anawanywesha baba na mama waliokuwa wakiisha kitandani, na shuleni akiulizwa anasema nyumbani wote wazima. Miaka ile ya mwisho ya tisini tuliwaona. Watoto wale walijifunza kudanganya kabla ya kujifunza kuzidisha, kwa sababu siri ile ilikuwa ndiyo paa lililobaki. Filamu haijui habari zetu na haikutengenezwa kwa ajili yetu, lakini kijiko kile kilipoingia mdomoni mwa baba, hakuna aliyegusa bisi.

Binti wa kati akachungulia simu, akatusomea kwamba Cregger mwenyewe amesema katika mahojiano kuwa kipande kile kinatoka utotoni mwake, nyumba yenye ulevi. Mtoto anarudi shule na kuna kitu kingine kimekaa ndani ya mzazi wake. Akasoma pia kwamba alianza kuiandika baada ya rafiki yake wa karibu, mchekeshaji mwenzake Trevor Moore, kufa ghafla mwaka 2021. Kumbe bwana huyu alianzia kwenye vichekesho! Na kwamba filamu yake ya 2022, Barbarian, nayo ina mwanamke wa kutisha anayeishi chini ya nyumba. Nikasema mtu huyu ana kesi na wanawake au na vyumba vya chini, achague moja. Sisi wa Tabata tuko salama: ukichimba kidogo tu unakutana na shimo la jirani.

Tungeishia hapo ningempa kila kitu. Lakini kuna jambo limenikaa kooni na nitalisema, kicheko kikae pembeni kidogo.

Nusu ya kwanza ya filamu inafanya kazi nzuri sana. Watoto wamepotea, wazazi wana uchungu, wanamtafuta wa kumbebesha. Wanampata mwalimu Justine: kijana, hana mume, anakunywa. Kwenye kikao wanamzomea. Usiku mtu anakuja na rangi nyekundu anamwandikia ubavuni mwa gari kwamba ni mchawi, na tunamwona anaendesha gari lile mjini na neno lake. Nikasema, hii filamu inaelewa. Inajua jinsi umati unavyofanya kazi. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, aliiacha Mwingereza, na bado Usukumani, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho ni mekundu. Macho yanakuwa mekundu kwa moshi. Ukipikia kuni au kinyesi cha ng'ombe maisha yako yote kwenye jiko lisilo na dirisha, yatakuwa mekundu. Yangu mimi si meupe.

Kisha nusu ya pili inakuja kutuambia: ni kweli mchawi alikuwepo, mlikosea mtu tu. Mtafuteni yule mzee zaidi, mgonjwa, mwenye upara, asiye na mume wala mtoto, anayeishi kwa huruma ya ndugu. Huyo ndiye! Umati haukukosea jambo, ulikosea anwani. Mkubwa wa chuo akanitetea kwamba kule kwao hawaui vikongwe kwa uchawi siku hizi, kwa hiyo kwao ni hadithi tu. Ndiyo, kwao. Filamu inapanda ndege, mwanangu. Imefika Tabata, itafika Kahama.

Na mwisho wenyewe, ole wangu, niliufurahia. Alex anaiba ujanja, anajitengenezea kijiti chake na nywele za Gladys, anakivunja. Wale watoto 17 wanapanda kutoka chini. Gladys anaona. Anakimbia, wigi liko wapi halijulikani, anapita nyumba za majirani, watoto nyuma yake wanapita ndani ya madirisha ya vioo, wanapita uani, majirani waliokuwa kwenye shughuli zao wamebaki vinywa wazi, na bibi mbio zake kwa mtu aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani ni za kushangaza. Nataka jina la dawa yake ya magoti. Wanamkamata, wanamrarua vipande. Ni kitu cha kinyama na tulicheka mpaka kaka akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Nilijifunika khanga usoni, nacheka. Hapo ndipo unajua mtengenezaji alikuwa mchekeshaji: anajua woga ukijaa hutoka kwa mlango wa kicheko.

Baada ya hapo sauti ya mtoto anayesimulia inatuaga. Watoto walirudishwa kwao, na baadhi wameanza kuongea. Wazazi wa Alex hawakupona, bado wako hospitali wanalishwa supu. Alex mwenyewe alipelekwa akaishi na shangazi mwingine, shangazi mzuri.

Nikaomba warudishe nyuma. Wakarudisha. Nikaomba waongeze sauti. Shangazi mwingine, mzuri. Filamu ina saa mbili na dakika nane, na sisi tulio wengi, tunaolipa ada, tunaosuka, tunaokwenda vikao vya shule na magoti mabovu, tumepewa sentensi moja karibu na majina ya mafundi umeme. Hata sura yake hatukuonyeshwa.

Itazameni, lakini watoto wadogo wakiwa wamelala kweli, na siyo wamelala wakisikiliza. Naipa saba kwa kumi. Zile tatu nimezizuia mpaka bwana Cregger atengeneze filamu moja, moja tu, ambayo mchawi ni mjomba.